Thurea ya mita moja chini ya dari ya futi tisa

"Assalaam alaykum. Tumemaliza kuikarabati nyumba ya wazee hapa Raskazone, Tanga, na kilichobaki ni taa. Sebule ina upana wa mita 4.2 na urefu wa mita 6.6, upande mmoja yamekaa makochi, na upande wa pili, kuelekea jikoni, ipo meza ya chakula ya watu sita. Dari ni ya jipsamu, imefungwa chini ya kenchi za mbao, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.75. Juu ya makochi kuna pangaboi. Nimeona Kariakoo thurea, hizi ambazo vijana wa madukani huziita shandelia, ya rangi ya dhahabu yenye vipande vya kioo: kipenyo mita 1, kimo sentimita 95, globu 18, uzito kilo 22. Muuzaji alinipigia hesabu akasema ndiyo hasa saizi ya chumba changu. Mume wangu anataka tuondoe pangaboi tuitundike palepale. Mama mkwe anasema bahari itaila kabla ya mwaka kwisha. Mwanangu anasema mambo hayo yamepitwa na wakati, tuweke taa bapa za LED dari nzima. Nimeshatanguliza fedha kidogo ili isiuzwe. Nichukue au niache? Na kama si hiyo, ni ipi?"

Wa alaykumu salaam, dada yangu, na hongera kwa kuikamilisha nyumba ya wazee. Umeandika vipimo vyote, hata uzito wa taa ambao wengi huusahau, na kwa sababu hiyo naweza kukujibu bila kuzungukazunguka: hiyo ya mita 1 iache. Thurea yenyewe usiiache, maana chumba chako kina mahali pazuri pa kuitundika, napo ni juu ya meza ya chakula. Iwe na kipenyo cha sentimita 45 hadi 55, na pangaboi libaki pale lilipo.

Nikiusoma ujumbe wako kwa makini naona una wasiwasi wa aina mbili: kama taa hii itakifaa chumba, na kama itadumu kando ya bahari. Mume wako, mama mkwe na kijana wako, kila mmoja ameshika kipande cha jibu. Hakuna kati yao aliyeanza na dari, na mimi kazi hii huianza hapo kila mara, kwa kuwa dari ndiyo itakayobeba uzito, ndiyo itakayokupa au kukunyima kimo, na ndiyo iliyokwisha kulipa pangaboi nafasi ya kwanza. Sakafu huja baadaye, na rangi ya dhahabu huja mwisho kabisa.

Hesabu aliyokupigia muuzaji si ya uongo. Ni kanuni inayotumiwa sana na wapambaji wa nyumba, hasa katika nchi zinazopima kwa futi: unajumlisha urefu na upana wa chumba kwa futi, kisha jumla hiyo unaisoma kama inchi za kipenyo cha taa. Anayepima kwa mita huizidisha jumla kwa 8.3 akapata sentimita. Kwa chumba chako, 4.2 na 6.6 ni 10.8, na ukizidisha unapata karibu sentimita 90, kwa hiyo mita 1 haiko mbali, na muuzaji anaweza kukuonyesha kikokotoo chake bila kuona haya. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo hukichukulia chumba kuwa kitupu, chenye umbo linalokaribia mraba, taa moja katikati na dari iliyo juu vya kutosha; sharti moja likikosekana, jibu linapotoka. Tazama vyumba vya nyumba za mawe za mji mkongwe wa Bagamoyo. Upana wake uliwekwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo vingi huishia karibu na mita 3 ilhali urefu wa chumba unaweza kwenda hata mita 8. Jumlisha 3 na 8, zidisha, nawe utaambiwa utundike taa ya sentimita 91 katika chumba ambacho, ukishaweka samani pande zote mbili, taa itakuwa pana kuliko njia ya kupita. Vyumba vya aina hiyo hufaa taa mbili ndogo zinazofuatana, kila moja ikipimwa kwa upana wa chumba peke yake.

Chumba chako hakina wembamba huo, lakini kinaivunja kanuni kwa njia nyingine: ni kimoja kwa kuta na viwili kwa matumizi. Eneo la makochi ni kama mraba wa mita 4.2, na eneo la chakula ni kipande cha mita 4.2 kwa 2.4. Taa iliyopimwa kwa chumba kizima ingeangukia mpakani, ambapo hakuna anayeketi, ama ingesogezwa upande mmoja ikaonekana kubwa kuliko eneo lake.

Sasa tuje kwenye kimo, kwa sababu hata kama kipenyo kingekubalika, hapa ndipo taa hiyo inapokataliwa. Dari yako ni mita 2.75. Taa ina kimo cha sentimita 95, na juu yake lazima kuwe na kifuniko kinachobana dari pamoja na pete moja au mbili za mnyororo, ambazo hata zikifupishwa kabisa huchukua sentimita 10 hivi. Ncha yake ya chini itakuwa mita 1.70 kutoka sakafuni, yaani karibu na utosi wa mwanamume wa kimo cha kawaida. Mahali ambapo watu wanapita, ncha ya taa haipaswi kushuka chini ya mita 2.1, na mimi kwa nyumba za pwani napenda kuongeza kidogo, kwa kuwa mtu anayevaa kanzu huinua mikono yote miwili, na godoro au kabati likihamishwa hupitishwa juu juu. Ukitoa 2.1 kwenye 2.75 unabaki na sentimita 65 za mnyororo na taa kwa pamoja. Thurea inayokupendeza msikitini au katika ukumbi wa harusi inakupendeza kwa sababu ina mita nyingi za hewa juu yake na chini yake. Ukiileta chini ya dari ya futi 9 umbo lake linapotea, kwa kuwa jicho haliioni tena nzima. Linaona globu tu, zikilichoma.

Kuhusu kuondoa pangaboi, ninamwelewa shemeji. Pale katikati ya makochi ndipo macho ya mgeni yanapotua kwanza, na anadhani shida ni kwamba vitu viwili vinagombania sehemu moja, basi kimoja kikitoka mambo yamekwisha. Lakini yeye na mimi tunaijua Tanga ya Januari hadi Machi. Pangaboi linatumia kama wati 60 hadi 75. Ukiliondoa, hautapita msimu mmoja kabla hamjaanza kuzungumza juu ya kiyoyozi, na kiyoyozi cha kawaida cha sebule hutumia wati elfu moja hivi kinapofanya kazi. Taa ya urembo itakuwa imewaletea bili ambayo haikuandikwa kwenye risiti yake.

Wapo wanaojaribu kuviweka vyote viwili karibu karibu, na hilo nalikataza kabisa. Pangaboi lenye mabawa matatu likizunguka mara 240 kwa dakika, bawa linapita mahali pamoja mara 12 kila sekunde. Globu zikiwa juu ya mabawa, au zikiwa ubavuni kwa kimo kilekile, kila bawa linaukata mwanga, na kivuli kinapigapiga ukutani mara 12 kwa sekunde. Wengi huishia kuumwa na kichwa na kuchoka macho bila kujua sababu. Kwa baadhi ya wenye kifafa, kupepesa kwa kasi ya namna hiyo kunaweza kuamsha degedege. Juu ya hayo upepo unavitikisa vipande vya kioo, vinagongana, na skrubu zinazoshika matawi zinalegea polepole bila mtu kuona. Kwako, taa ikiwa juu ya meza, umbali kati ya katikati ya pangaboi na katikati ya taa utakuwa karibu mita 3.3. Ukitoa sentimita 70 za bawa na sentimita 27 za nusu ya taa, bado unabaki na zaidi ya mita 2 za nafasi, na kwa kuwa globu zitakuwa chini kuliko mabawa, mwanga unaoelekea mezani hautakatwa na kitu.

Kwa nini juu ya meza? Kwa sababu pale hapapitwi. Meza yenyewe inamzuia mtu asitembee chini ya taa, kwa hiyo ule mpaka wa mita 2.1 haupo, na taa inaruhusiwa kushuka hadi ibaki nafasi ya sentimita 75 hadi 90 kati ya uso wa meza na ncha yake. Meza nyingi za chakula zina kimo cha sentimita 75. Ncha ya taa basi itakuwa mita 1.50 hadi 1.65 kutoka sakafuni, na kutoka hapo hadi darini unapata mita 1.10 au zaidi. Hiyo ni nafasi ya kutosha kwa thurea yenye kimo cha sentimita 45 au 50 na mnyororo unaoonekana juu yake, na mnyororo unaoonekana ni nusu ya uzuri wa taa hizi. Kwa dari kama yako mimi ningeuchagua ule mpaka wa juu, sentimita 90, ili watu walioketi wakikabiliana waonane nyuso, na sinia la pilau lipite mikononi bila kugonga kitu.

Kipenyo hapa hakipimwi kwa chumba, kinapimwa kwa upana wa meza: kuanzia nusu hadi theluthi mbili. Hukuniandikia upana wa meza yako. Nyingi za watu sita ni sentimita 90, na kwa meza hiyo kipenyo kinachofaa ni sentimita 45 hadi 60. Mimi ningekomea 55, kwa sababu mtu anapoinuka kwenye kiti huinama mbele kwanza, na taa iliyokaribia ukingo wa meza ndiyo inayompiga utosini. Jambo moja dogo ambalo mafundi hulikosea mno: taa ifuate katikati ya meza, si katikati ya dari. Weka meza mahali itakapokaa siku zote, viti vikiwa vimevutwa nyuma kana kwamba watu wameketi, kisha ndipo alama itiwe darini.

Nije kwenye uzito, na hapa naomba usome taratibu. Jipsamu ni unga uliogandishwa katikati ya karatasi mbili. Kazi yake ni kufunika, haibebi. Skrubu iliyofungwa kwenye jipsamu tupu inaweza kushika globu na holda ya plastiki miaka mingi, lakini ukiitundikia kilo 22 zinazotikiswa na upepo, tundu litapanuka kidogo kidogo hadi siku taa itakaposhuka na kipande cha dari. Hata thurea ndogo ya kilo 5 haipaswi kutundikwa kwenye jipsamu, wala kwenye holda, wala kwenye waya wa umeme wenyewe, ingawa nimeona hayo yote matatu. Kinachotakiwa ni fundi apande juu ya dari, afunge gogo la mbao ngumu kutoka kenchi moja hadi ya pili, na ndoano ipenye katika gogo hilo kwa boliti yenye nati na washa kwa upande wa juu. Akiwa huko juu atazame kenchi kama zina mchwa, hasa kwenye nyumba ya wazee. Mbao iliyoliwa huonekana nzima kwa nje, ikigongwa ndipo inapotoa mlio wa uwazi. Wenye nyumba za zege wana nafuu, kwani baadhi yao wana ndoano ya nondo iliyoachwa na mjenzi kwa ajili ya pangaboi.

Ndoano ikishafungwa, ijaribuni kabla ya kutundika taa. Kiasi kinachotumika katika majaribio ya taa za kutundika ni mara nne ya uzito wa taa, kwa saa moja. Kwa thurea ya kilo 5 hesabu inakuja sawasawa na dumu la lita 20 lililojaa maji: sogezeni meza, litundikeni dumu kwa kamba imara ya katani, mliache litulie. Mtie alama ya penseli pembeni ya ndoano mahali inapotokeza kwenye jipsamu, na baada ya saa moja mtazame kama imeshuka hata milimita chache au kama kuna ufa umeanza. Ikiwa vyote viko sawa, msiishie hapo. Acheni likae hadi asubuhi, halina gharama.

Mama mkwe ana haki, ila si haki yote. Hewa ya Raskazone inabeba chembe za chumvi, na chembe hizo ni nyingi zaidi katika mita mia chache za kwanza kutoka ufukweni, kisha hupungua kadiri unavyoingia bara. Chumvi ikitua kwenye chuma haikai kavu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, na kwenu hupita usiku mwingi wa mwaka, chumvi inavuta maji kutoka hewani na kuyeyuka ikawa utando mwembamba unaopitisha chaji za umeme, na ndani ya utando huo kutu hufanya kazi yake hata kama mvua haijanyesha. Thurea nyingi za rangi ya dhahabu ni chuma kilichovikwa utando mwembamba sana wa metali ya kung'aa. Utando huo una vitundu visivyoonekana, maji ya chumvi yanaingia humo, na kutu inauinua kutoka ndani kama lengelenge. Hiyo ndiyo taa anayoizungumzia mama mkwe, na pengine amewahi kuwa nayo.

Njia ya kuitambua ni rahisi. Nenda dukani na sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa jokofu. Sumaku ikinasa kwenye matawi, ndani ni chuma, hata muuzaji aape vipi. Isiponasa inaweza kuwa shaba au alumini. Shaba tupu itafifia na kuingia weusi, hata ukijani kwenye viungo, lakini haiozi, na ukiisugua kwa ndimu na chumvi kisha ukaisuuza vizuri na kuikausha inarudi. Isipokuwa ikiwa imepakwa vanishi ya kiwandani, hapo usisugue. Alumini iliyopakwa rangi ya unga iliyookwa nayo hudumu vizuri mahali pako, na ni nyepesi, jambo ambalo kenchi zitalifurahia. Chuma cha pua hustahimili, ingawa aina za kawaida hutokwa na madoa ya kahawia karibu na bahari.

Lakini kitakachoanza kuoza si matawi. Ni vile vikulabu vidogo vya waya vinavyounganisha kipande kimoja cha kioo na kingine. Mara nyingi ni waya mwembamba wa chuma, na vikikatika kioo kinadondoka, na kwako kitadondoka kwenye sahani. Ombeni au tafuteni vya shaba au vya chuma cha pua, mbadilishe vyote kabla taa haijapanda. Ni kazi ya jioni moja mkiwa wawili watatu na koleo ndogo. Ndiyo maana pia nakushauri uchague taa yenye vipande vichache: kila kipande ni kikulabu kimoja au viwili, na kila kipande kitashika ukungu wa chumvi na vumbi utakaotaka kufutwa kila baada ya wiki chache kwa kitambaa chenye unyevu, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu. Taa ya vipande mia mbili ni nzuri kwa mtu mwenye msaidizi na ngazi.

Kama vipande ni vya kioo au plastiki, utajua kwa mkono. Kioo ni baridi na kizito kuliko unavyotarajia. Plastiki ina uvuguvugu, ni nyepesi, na miaka ikipita huingia umanjano.

Kijana wako naye tumsikilize, maana kuhusu LED yuko sawa kabisa, amekosea umbo tu. Thurea ya dukani ina globu 18. Zikiwa za zamani za wati 40, ni wati 720. Ukiwasha saa tano kila usiku, unakula uniti 3.6 za LUKU kwa usiku, yaani 108 kwa mwezi, na sehemu kubwa ya umeme huo inakuwa joto juu ya vichwa vyenu. Thurea ya matawi matano yenye globu za LED za wati 4 ni wati 20. Kwa saa zilezile ni uniti 3 kwa mwezi. Lakini uchague taa yenye holda za kawaida, skrubu ndogo ya E14 au kubwa ya E27, na ujiepushe na zile ambazo LED zimegandishwa ndani ya mwili wa taa. Zile zikifa, na umeme wetu unapanda na kushuka, mara nyingi unatupa taa nzima kwa sababu ya kifaa kimoja ambacho hakipatikani madukani Tanga. Globu ya E14 ikifa unanunua nyingine.

Rangi ya mwanga imeandikwa kwenye boksi kwa namba inayofuatwa na herufi K. Watu wengi hununua 6500 wakiamini kwamba mweupe ndio wenye nguvu. Namba hiyo haipimi wingi wa mwanga. Wingi umeandikwa kwa lumeni. Namba ya K inapima rangi tu, na 6500 ni weupe unaoelekea samawati, unaofanya wali uonekane umepoa hata kama unatoa mvuke. Juu ya meza ya chakula chukua 2700 au 3000. Na uchague globu angavu ambazo mwanga wake unatoka kwenye nyuzi nyembamba ndani, kwa kuwa kioo kilichochongwa hung'aa kwa kuupinda mwanga unaotoka kwenye chanzo kidogo. Globu yenye weupe wa maziwa hueneza mwanga sawasawa, na kioo kinabaki kimelala.

Vikombe vya globu vielekee wapi, juu au chini? Kwa pwani yetu nasema chini, au visiwepo kabisa. Vikombe vinavyoelekea juu hupendeza kwenye picha, lakini masika yakianza na kumbikumbi wakaingia dirishani, wote huishia humo pamoja na mbawa zao, na wewe utakuwa unahesabu vivuli vyao kupitia kioo hadi mtu apande ngazi.

Thurea hii isiachiwe kazi ya chumba kizima. Lumeni 2,000 za globu tano zinatosha meza na zinabaki kidogo kwa mapambo ya kuta. Upande wa makochi utahitaji taa zake, na hapo wazo la kijana linafaa: taa bapa chache pembeni mwa dari, mbali na mabawa ya pangaboi, zenye swichi yake, au taa mbili za ukutani. Anayesoma Kurani au anayefanya hesabu za shule ana haki ya mwanga unaotoka ubavuni mwake.

Kabla ya kumpigia muuzaji simu, fanya jambo moja zaidi. Kata duara la sentimita 50 kwenye boksi la karatasi, na jingine la 55, yatundike kwa zamu juu ya meza kwa uzi, kwa kimo kile nilichokuambia, na mle chini yake siku mbili tatu. Macho yataamua kati ya hayo mawili vizuri kuliko mimi. Kisha umwombe muuzaji aihamishie fedha uliyotanguliza kwenye thurea ndogo, na umuulize uzito, kipenyo, kimo bila mnyororo, aina ya holda, na metali iliyo chini ya dhahabu. Mengi ya maduka hayo hukubali kubadilisha bidhaa kuliko kurudisha fedha. Akikataa yote mawili, bado hasara ya fedha uliyotanguliza ni ndogo kuliko kununua taa isiyo na mahali.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi, na kwa hayo unahitaji fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aje aone kwa macho yake. La kwanza ni waya wa erthi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Thurea ni metali kuanzia juu hadi chini, na waya mmoja ukichubuka ndani ya tawi, mwili mzima unaweza kuwa na umeme. Katika nyumba nyingi za zamani nyaya za taa zilivutwa mbili tu, bila erthi, kwa sababu holda ya plastiki haikuihitaji. Fundi ahakikishe erthi ipo na inafika. La pili ni swichi: aipime kama inakata waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme. Ikiwa inakata waya baridi, globu itazimika lakini holda itabaki na umeme, na anayepanda kubadilisha globu anagusa kilicho hai. Dalili moja ni LED inayoendelea kung'aa kwa mbali baada ya kuzimwa. Si lazima iwe ndiyo sababu, lakini ukiiona usipande ngazi hadi fundi apime. Ukisikia mwili wa taa unakutekenya vidole, au dari ikianza kuonyesha ufa wa duara kuzunguka kifuniko, zima kwenye swichi kuu, sogezeni meza pembeni, na mumwite siku hiyohiyo. Mwambie pia afunge waya wa pili wa usalama wa chuma cha pua kutoka kwenye gogo hadi kwenye mwili wa taa, ulegee kidogo nyuma ya mnyororo. Na ukaushike kwa mkono wako mwenyewe kabla hajashuka ngazi, kwa sababu kifuniko kikishabanwa hutauona tena.